Marehemu Alikuwa na Miaka 21, Fomu Inauliza Watoto Wake

Wasee, leo hakuna vichekesho. Wale mmekuja kucheka rudini kwa ile video ya konda, iko palepale.

Kila Aprili 2 simu zetu hujaa mishumaa. Garissa, mnajua. Mwaka 2015, alfajiri, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wanafunzi. Makomredi kabisa. Watu wa kupika kwa koili iliyokatazwa hosteli, wa kungoja HELB vile mkulima anangoja mvua. Na katikati ya mishumaa hapakosi tangazo: wakfu fulani, kampuni fulani, kanisa fulani linaanzisha ufadhili wa masomo kwa kumbukumbu ya wahanga wa ugaidi. Waridi jeupe, nembo ya kampuni pembeni, "hatutawasahau". Watu wanapiga moyo, wanasambaza, wanaendelea na siku yao.

Mimi siku hizi mishumaa naipita. Nashuka mpaka ile sehemu ya maandishi madogo: nani anafaa kuomba. Huko ndiko utajua kama mtu anakumbuka ama anajitangaza.

Msichana mmoja alinitumia inboksi picha ya fomu kama hizo. Sitasema ni ya nani, na jina lake halihusiani na nyinyi. Kaka yake aliuawa akiwa na miaka 21. Fomu inauliza uhusiano wake na marehemu na inampa nafasi mbili: mke au mume wa marehemu, mtoto wa marehemu. Basi. Hakuna pengine pa kutia alama. Akaniuliza, "Sasa nijiandike mtoto wake?"

Manze, nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu.

Hiyo fomu imeandikwa na mtu aliyekuwa akiwaza msiba wa mtu mzima. Mtu ameenda kazini, hakurudi, ameacha mke na watoto. Msiba wa aina hiyo upo na sheria zake zipo. Marekani, baada ya Septemba 11, 2001, walianzisha mfuko unaoitwa Families of Freedom Scholarship Fund. Bill Clinton na Bob Dole ndio walioongoza kuuchangia, ukapita dola milioni 100. Unasomesha wategemezi wa waliouawa au kupata ulemavu wa kudumu siku ile, yaani watoto na wenzi wao wa ndoa, unaangalia uhitaji wa familia, na ulipangwa uendelee mpaka mwaka 2030 ili hata mtoto aliyekuwa tumboni apate muda wa kufika chuo. Hiyo nasema wazi ni sheria safi. Waliokufa kwenye yale majengo wengi walikuwa wafanyakazi, kwa hivyo ukiuliza watoto wao uko sawa.

Lakini Garissa hatukuzika wafanyakazi. Tulizika watoto wa watu, wa miaka 19, 20, 22. Wengi hawakuwa na mke wala mume. Wale waliobaki ni mathee, mzee, na wadogo watatu wanne waliokuwa nyuma yake kwenye foleni ya karo.

Na hapa wasomi wa mashirika ndio hupotea. Kwa karatasi zao mwanafunzi ni mtegemezi, ni mtu wa kulishwa. Sijui wamelelewa wapi. Kwa nyumba nyingi za hii Kenya, yule mtoto wa kwanza kufika chuo ndiye mpango mzima wa ukoo. Shamba liliuzwa kwa ajili yake. Harambee ilifanywa kwa ajili yake, jirani akatoa mbuzi, na kila mtu aliyetoa alijua vile itarudi: huyu akimaliza, anamshika mkono anayemfuata, na huyo naye anamshika mwingine. Na hata hangoji amalize. HELB ikiingia Jumatatu, Jumanne nusu yake imeshafika nyumbani kwa M-Pesa, unga na karo ya mdogo wake wa Form Two. Msee anabaki chuoni na chapati na avokado mpaka semesta iishe. Mliosoma mnajua sidanganyi.

Kwa hivyo walipowaua wale 142, waliua pia karo ya watoto ambao hakuna mtu aliwahesabu. Mdogo wa marehemu alipoteza kaka na akapoteza shule siku hiyohiyo. Ndiye aliyepigwa zaidi ya wote, na ndiye fomu haimwoni.

Usiniambie atafute basari ya kawaida. Za CDF nimezijaza za kutosha, naweza kukuandikia fomu nzima nikiwa nimefumba macho. Cheti cha kuzaliwa, kopi ya kitambulisho cha mzazi, muhuri wa chifu, sahihi ya pasta au imamu, halafu lile swali: wewe ni yatima kamili, yatima nusu, au wazazi wote wako hai? Huyu msichana wazazi wote wako hai. Baba yake ako hai, hajafanya kazi ya maana tangu Aprili ile, lakini ako hai. Anatia alama "wote hai" na fomu yake inashuka chini ya rundo. Msiba wake hauna jina kwa Kiingereza cha serikali.

Sasa tuje kwa gredi, kwa sababu hapa ndipo nitakosana na watu.

Ufadhili wa kumbukumbu ya ugaidi unaodai B+ na kwenda juu. Nimeona zaidi ya mmoja. Wanasema wanataka "kuenzi bidii ya marehemu". Sawa. Niwaonyeshe watu wanaofanya hivyo bila kudanganya mtu. Desemba 21, 1988, ndege ya Pan Am namba 103 ililipuliwa ikiwa juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti. Walikufa watu 270: 259 ndani ya ndege na 11 chini, kwenye nyumba zao. Kati ya abiria kulikuwa na wanafunzi 35 wa Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani waliokuwa wakirudi nyumbani kwa Krismasi kutoka masomoni Ulaya. Tangu hapo, Syracuse kila mwaka huchagua wanafunzi 35 wa mwaka wa mwisho, idadi sawa na waliokufa. Wanachaguliwa kwa masomo, uongozi, na huduma kwa jamii. Kila mmoja anabeba jina la mmoja wa wale 35 na kazi yake ni kumfanya ajulikane chuoni: alikuwa nani, alipenda nini.

Hiyo inauliza ubora, na siipingi hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu hawajasema ni msaada kwa wafiwa. Wamesema ni kazi ya kukumbuka, na kazi unampa anayeiweza. Wenzetu hapa wanachanga pesa kwa picha ya mama analia Chiromo akitafuta mwili, halafu pesa ikishaingia wanampa kijana wa B+ ambaye hajui hata Garissa iko upande gani wa Tana. Mwenye kutoa shilingi mia tano alidhani anamfuta yule mama machozi. Hapo ndipo mimi naita wizi, na sitarudi nyuma kwa hilo neno.

Kuna kitu kingine kwa ile ya Syracuse nakipenda zaidi. Kila mwaka wanachukua pia vijana wawili kutoka shule ya Lockerbie kwenda kusoma Syracuse mwaka mmoja. Hawakuambiwa walete uhusiano na aliyekuwa ndani ya ndege. Mji uliangukiwa na ndege, watoto wa mji wanahesabiwa. Mlipuko ulipanuka na sheria ikapanuka nao.

Ebu leta hiyo akili huku kwetu. Novemba 22, 2014, basi lilitekwa Mandera, watu 28 wakapigwa risasi, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Baadaye walimu wengi wa kutoka kaunti zingine wakakataa kurudi. Januari 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikahamisha walimu wasio wa huko. Nani angewalaumu? Mimi nisingerudi. Lakini hebu waza wewe ndiye uliyekuwa Form Three huko, Fizikia hakuna mwalimu, Kemia hakuna mwalimu, Hesabu mnafundishana wenyewe kwa ubao. Unafanya KCSE ileile moja na mtoto wa shule ya kitaifa. Unapata C. C ya namna hiyo nzito kuliko A za watu, lakini tuseme ni C. Halafu unapata tangazo la ufadhili kwa walioathiriwa na ugaidi, unafungua, B+.

Yaani ugaidi ulimnyima mwalimu, na ufadhili wa ugaidi unamnyima nafasi kwa sababu hakuwa na mwalimu. Nani alikaa kwenye meza akaandika hiyo na akaenda lunch?

Na insha. Maneno mia tano, eleza jinsi msiba ulivyokujenga. Haukunijenga, buda. Wanataka mtoto apange maumivu yake vizuri, aya kwa aya, yaishie na matumaini, ndio mtu wa Upper Hill asome akilia kidogo na kahawa. Yule ambaye bado hajapata maneno, ambaye hata nyumbani hawataji jina la kaka yake mezani, huyo ameshaanguka.

Nisiseme sana hapo nitatukana.

Kuna sharti lingine ambalo huwa limejificha ukurasa wa pili: mfadhiliwa asishuke chini ya wastani fulani na asikatize masomo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sikuwa nimepigwa risasi na mtu. Nilikuwa tu nimechoka kukosa. Walionusurika Garissa walipelekwa Eldoret, Moi, kuendelea na masomo. Vitabu vile, mitihani ile, hosteli zingine. Mtu aliyejificha kabatini masaa mengi akisikiza wenzake wakiuawa, unamwekea sharti la kutokosa semesta? Akilala siku tatu hawezi kutoka kitandani, ndiyo "amekiuka masharti"? Wafadhili hawa wanajua kabisa kuhusu kiwewe, wanakitaja kwenye hotuba. Wakifika kwa mkataba wanakisahau.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa sababu haya hayakuanza na Garissa.

Agosti 7, 1998. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, hata mimi. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa Nairobi, Wamarekani kati yao 12. Waliobaki ni sisi, wengi wao kwenye Ufundi House iliyoporomoka pale karibu. Mle ndani kulikuwa na chuo cha makatibu. Wanafunzi! Wasichana waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Tukisema Garissa ilikuwa mara ya kwanza darasa kuangukiwa na ugaidi, tunawafuta hao.

Na maelfu waliumia. Kulisikika mlio mdogo kwanza, watu kwenye maofisi wakaenda dirishani kuangalia ni nini, ndipo bomu kubwa likalipuka. Vioo viliwaingia machoni. Mtu ana miaka 34, ni mhasibu, anaamka hospitali haoni. Huyo anahitaji kusoma upya kila kitu: kutembea, Breli, kompyuta inayozungumza, kazi nyingine. Ukimwonyesha fomu za leo utakuta "umri usiozidi miaka 25". Nani alisema elimu inayoibwa na bomu ni ya watoto peke yao?

Hata fidia ilipokuja, swali lilikuwa lilelile la nani anafaa. Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulizi ikiwa ni pamoja na lile la Nairobi na la Dar es Salaam, na mwaka 2020 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumaliza hiyo kesi. Waliofaa ni raia wa Marekani na waliokuwa wakifanya kazi kwa ubalozi, na hata hapo raia wao akapangiwa zaidi ya Mkenya aliyekufa kwenye jengo hilohilo. Aliyekuwa Ufundi House, aliyekuwa kwenye matatu pale Haile Selassie, aliyekuwa anauza njugu, hawamo. Bomu halikuuliza nani amekuajiri. Fomu iliuliza. Na tulikasirika, tukasema wazungu ni wabaguzi, halafu tukaenda tukaandika za kwetu na vizuizi vyetu wenyewe.

Na serikali isijifiche nyuma ya mashirika. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, kifungu cha 49, inaanzisha mfuko wa kuwafidia wahanga wa ugaidi. Iliandikwa kabla ya Westgate. Kabla ya Mpeketoni, kabla ya Mandera, kabla ya Garissa, kabla ya Dusit. Niambieni, kati yenu wote mnaonifuata, nani anamjua mtoto mmoja aliyelipiwa karo na huo mfuko? Mmoja tu, nitampigia simu leo.

Najua komenti zinazokuja. "Pesa ni kidogo, lazima mchuje." Chujeni, sijakataa. "Watu watadanganya, kila mtu atakuwa na kaka aliyekufa Garissa." Wapi! Orodha ya waliouawa iko na majina kamili, miili ilitambuliwa kwanza ndio familia zikapewa. Sijui kama kuna kitu kimethibitishwa Kenya hii kuliko hicho. Linganisha jina la baba kwa cheti cha kuzaliwa, dakika kumi umemaliza. Gredi haiwezi kukuambia nani anadanganya. Inakuambia tu nani alikuwa na mwalimu.

"Basi andika wewe." Nimeandika. Ikopini bure, wekeni nembo yenu:

Anayefaa kuomba ni aliyenusurika. Mzazi, mtoto, mke, mume, kaka au dada wa aliyeuawa. Na yeyote aliyekuwa akilelewa au kulipiwa karo na aliyeuawa, hata kama hawakuzaliwa tumbo moja. Uhusiano ukithibitishwa na jina la marehemu likiwa kwenye orodha, inatosha. Hakuna gredi ya kuanzia zaidi ya ile kozi yenyewe inataka. Hakuna kikomo cha umri. Kozi za ufundi zinahesabiwa sawa na digrii. Hakuna insha. Akisimamisha masomo kwa ajili ya afya, nafasi yake inamngoja.

Maneno yasiyofika mia. Mtu wa kampuni atasema wakifungua mlango hivyo watajaa. Ndiyo, watajaa, 142 ukizidisha kwa wadogo wao ni watu. Kama mna pesa ya kumi, semeni kumi, pigeni kura hadharani, majina kwenye ndoo, mwaka ujao kumi wengine kutoka kwa ndoo hiyohiyo. Garissa haiongezi majina. Mkienda hivyo hata mwendo wa kobe, siku moja ndoo itaisha.

Msichana wangu wa inboksi nilimwambia asijiandike mtoto. Nilimwambia aongeze mstari kwa kalamu, aandike "dada", atie alama hapo, na apeleke fomu na mikono yake kaunta, waikatae wakimwangalia usoni. Amepeleka wiki iliyopita. Wamemwambia angoje simu.

Mwenye fomu nyingine kama hiyo anitumie. Jina nitaficha la kwako, la kwao tutaona.